Mwenye madeni anyimwe kibali cha kuona siri za serikali?

MLETA MADA: Wakuu, naomba tulijadili hili kwa mfano wa Marekani, maana kanuni zao zimeandikwa wazi.

Kule, kabla hujakabidhiwa nyaraka za siri, unajaza fomu ndefu ya SF-86. Sehemu ya 26 inaingia mfukoni mwako moja kwa moja: ulifilisika ndani ya miaka 7 iliyopita? Ulikwepa kodi? Una deni lililopitisha siku 120 bila kulipwa? Ukimaliza kujaza, wapekuzi nao wanavuta historia yako ya mikopo. Vigezo vya kumpima mwombaji viko 13, katika agizo la usalama liitwalo SEAD 4 la mwaka 2017, na kigezo F ni cha fedha. Hoja yake ni kwamba aliyebanwa na madeni ni rahisi kurubuniwa, na anayeshindwa kutimiza ahadi zake huenda hata masharti ya siri asiyaheshimu.

Msimamo wangu: deni peke yake lisimnyime mtu kibali. Kigezo chenyewe, kwa haki kabisa, kina huruma kuliko watu wanavyodhani. Kinazingatia kuachishwa kazi, ugonjwa wa ghafla, talaka, kufiwa, hata kuibiwa utambulisho, mradi mhusika hakukaa kimya. Ukionyesha umeelewana na wanaokudai na unalipa kidogo kidogo, una nafasi ya kupita.

Lakini hofu haisomi kanuni. Mfanyakazi akisikia deni linaweza kumng'oa kazini, anaficha. Haendi kwa mshauri wa fedha, hamwambii mkuu wake, anakopa huku ili alipe kule. Mtu wa namna hiyo ndiye jasusi wa nje anamtafuta! Na akinyang'anywa kibali mara nyingi kazi nayo imekwenda, sasa hilo deni atalilipa na nini?

Tena kuna madeni yanayoletwa na serikali yenyewe. Ilipofunga shughuli zake kwa siku 35, Desemba 2018 hadi Januari 2019, wafanyakazi wake wapatao 800,000 walikaa bila mshahara kwa wakati. Kodi ya nyumba haikusubiri.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani nawe. Ronald Pelton alikuwa NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, akafilisika mwaka 1979. Januari 1980 akaingia ubalozi wa Wasovieti mjini Washington na kuuza siri kwa takriban dola 35,000. Aldrich Ames wa CIA naye alianza mwaka 1985, akiwa amelemewa na gharama za talaka, na watu waliokuwa wakiisaidia Marekani ndani ya Urusi waliuawa kwa sababu yake. Kibali si haki ya mtu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema hivyo mwaka 1988 katika kesi ya Egan, mfanyakazi wa jeshi la majini aliyenyimwa kibali. Penye shaka, taifa ndilo lipewe kipaumbele.

MLETA MADA: Mifano yako ni ya kweli, na vifo vile sivichukulii kirahisi. Ila itazame kwa karibu. Pelton aliuza siri akiwa ameshaacha kazi, hana hata karatasi moja mkononi. Alitoa yaliyokuwa kichwani. Kumfutia kibali kungezuia nini? Alihitaji mtu wa kumshika mkono mapema, pale mambo yalipoanza kumharibikia. Ames naye aliendelea miaka tisa. Alinunua nyumba ya dola 540,000 taslimu kwa mshahara usiofika dola 70,000, akapita vipimo viwili vya mashine ya uongo, hakukamatwa hadi Februari 1994. Macho yalikuwa kwenye ufukara, utajiri ukapita mlangoni.

MCHANGIAJI WA PILI: Mimi niko katikati. Mcheza kamari anayekopa kila mwezi na mama aliyekopa kumtibu mtoto si watu wa kupimwa kwa mizani moja, na kanuni inawatenganisha. Kinachoniuma ni muda. Upekuzi ukivuta miezi, huyo mama anasubiri bila kipato na riba inapanda.

MLETA MADA: Hapo kwenye muda umenigusa. Ningependa mtu akijitokeza mwenyewe na deni lake apewe mwaka mmoja wa kulipa chini ya uangalizi, kibali kikiwa hai. Aliyeficha, huyo sina la kumtetea. Nani anaona mwaka ni mrefu mno?