MariaDB 5.5 kwenye CentOS 7: nipandishe toleo hapo hapo au nihamishe?

Mzingani_Kati

Habari za jioni wakuu. Kuna seva ya duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki hapa Tanga, Ngamiani. CentOS 7.9 (mfumo endeshi wa Linux), MariaDB 5.5.68 (programu ya hifadhidata), PHP 5.4 (lugha ya programu ya mauzo), RAM GB 4. Hifadhidata ni moja, inaitwa `vipuri`, GB 11, na kompyuta nne za kaunta zinafungua programu ya mauzo kupitia mtandao wa ndani. `yum update` imegoma, inasema haipati mirrorlist (orodha ya seva za kupakua masasisho).

Mwenye duka anataka kufunga programu mpya ya stoo inayodai MariaDB 10.5 au zaidi. Ile ya mauzo inatumia `mysql_connect`, amri ambayo PHP mpya imeiondoa, na aliyeiandika hapatikani, kwa hiyo PHP siigusi. Duka linafungwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumatatu saa mbili asubuhi. Nifanyeje?

fundi_chumbageni

Mkuu, hiyo mashine iache na PHP yake. Tafuta ya pili uiweke pembeni: Debian 12, ambayo inakuja na MariaDB 10.11. Kwa GB 11 hata desktop iliyotumika yenye RAM GB 8 na SSD ya GB 240 inatosha. Maktaba ya zamani ya CentOS 7 inaongea na 10.11 bila shida kwa sababu `mysql_native_password`, njia ya zamani ya kuthibitisha nenosiri, bado ipo. MySQL 8 usiiguse: chaguo lake la msingi ni `caching_sha2_password`, PHP 5.4 haiijui.

Kabla ya lolote, pima diski ya zamani: `smartctl -A /dev/sda`. `Current_Pending_Sector` (sehemu za diski zinazogoma kusomeka) ikiwa juu ya sifuri, chukua bakapu usiku huo huo, usingoje Jumamosi. Kusoma GB 11 mfululizo ndiko kunakomalizia diski iliyochoka, na kwa joto na chumvi ya pwani hii mashine za umri huo nyingi zimechoka.

Kisha angalia aina za majedwali:

`SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables WHERE table_schema='vipuri';`

Yakiwa yote InnoDB, `--single-transaction` inatosha kupata nakala ya wakati mmoja huku mauzo yakiendelea. Likiwemo hata moja la MyISAM, aina isiyo na kinga hiyo, zima Apache (seva ya kurasa za PHP) kwanza, la sivyo unaweza kupata risiti isiyo na bidhaa zake.

`mysqldump -u root -p --single-transaction --routines --triggers --events --hex-blob --databases vipuri | gzip > /mnt/nje/vipuri.sql.gz`

Halafu `zcat /mnt/nje/vipuri.sql.gz | tail -n 1`. Mstari wa mwisho lazima uanze na `-- Dump completed`. Usipouona, faili limekatika njiani, na gzip haikwambii kitu.

Usitumie `--all-databases`. Kuanzia 10.4 `mysql.user` si jedwali tena, ni mwonekano tu juu ya `global_priv`, kwa hiyo watumiaji wa 5.5 hawaingii kwa njia hiyo. Andika pembeni matokeo ya `SHOW GRANTS`, uwaunde upya kwa mkono, ukibadilisha `'localhost'` kuwa IP ya seva ya zamani. Kama kuna triga au proseja (msimbo uliohifadhiwa ndani ya hifadhidata), tafuta `DEFINER`, yaani mmiliki wake, ndani ya faili: akitajwa mtumiaji asiyekuwepo upande mpya, data itaingia vizuri tu, ila kosa 1449 litakungoja siku ya mauzo.

Kinachoumiza watu zaidi ni `sql_mode`, mpangilio wa ukali wa kukagua data inayoingia. Kwenye 5.5 ilikuwa tupu, tangu 10.2.4 ina `STRICT_TRANS_TABLES`. Programu ya zamani ikituma '' kwenye safu ya namba, 5.5 iliweka 0 kimya kimya, 10.11 inakataa. Kwa kuwa msimbo hauna mwenyewe, weka `sql_mode = NO_ENGINE_SUBSTITUTION` chini ya `[mysqld]` na uishi hivyo. Programu mpya ya stoo ijiwekee yake kila inapounganisha.

Pia maneno yaliyohodhiwa, yasiyokubalika kuwa majina ya safu bila alama za nukuu: `rows` na `over` tangu 10.2, `offset` tangu 10.6. mysqldump huzungushia majina alama zake, kwa hiyo kurejesha kutapita, kisha hoja za programu zife. Aliyeita safu zake `idadi` na `bei` hana wasiwasi.

BintiPangani

Naongezea. Kupandisha hapo hapo kunawezekana, archive.mariadb.org ina 10.6 ya CentOS 7. Tatizo ni kwamba ukiandika `yum remove mariadb-libs`, inaondoka na postfix (ya barua pepe) pamoja na php-mysql (inayounganisha PHP na hifadhidata), maana vyote vinaitegemea. Na 10.6 ikishayafungua mafaili ya data, 5.5 haiyasomi tena. Kwa mashine mbili, kurudi nyuma ni kubadilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio ya PHP. Amua Jumapili lakini, kwa sababu mauzo ya Jumatatu yakishaingia upande mpya, kurudi ni kuyapoteza.

Mambo mawili ambayo jaribio la haraka halionyeshi. Kiswahili chetu ni a mpaka z tupu, hivyo hata usimbaji wa herufi ukiharibika, kurasa zinaonekana salama. Tafuta majina yenye ng’ yaliyonakiliwa kutoka Word, yale ya kistari kilichopinda. Ukiona `ngâ€™` wakati upande wa zamani ni safi, rudia ukiongeza `--default-character-set=latin1`, kisha kwenye faili badilisha `SET NAMES latin1` iwe `utf8`.

La pili, `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha iwashe MariaDB upya. Mashine ikibaki UTC, risiti ya saa nne asubuhi itaandikwa 07:00, na hesabu za siku zitakatika saa tisa usiku.

Mzingani_Kati

Asanteni sana. Nimefanya mazoezi na nakala, data imeingia. Nimeweka `bind-address = 192.168.1.20`. Kutoka seva ya zamani amri ya `mysql -h 192.168.1.20` inaingia, lakini ukurasa wa PHP unasema `Can't connect to MySQL server on '192.168.1.20' (13)`. Nenosiri ni lile lile.

fundi_chumbageni

Hiyo 13 ni kunyimwa ruhusa na mfumo endeshi, si nenosiri. SELinux, kinga ya usalama ya CentOS, inaizuia Apache kutoka nje kwenda kwenye hifadhidata. Kwenye CentOS:

`setsebool -P httpd_can_network_connect_db 1`

Usizime SELinux nzima kwa ajili ya hilo. Kurasa zikifunguka lakini zinasuasua kila zinapounganisha, ongeza `skip-name-resolve` upande wa Debian. Inahangaika kutafuta jina la IP ambalo hakuna anayelijua. Na `innodb_buffer_pool_size` (RAM ya kushikia data) ikiachwa ni MB 128 tu, ipe `5G`.

Ukilinganisha, hesabu `COUNT(*)` ya kila jedwali na `SUM` ya safu za fedha pande zote mbili, Apache ikiwa imezimwa. Na mashine zote mbili ziwe kwenye UPS moja, pamoja na swichi. Swichi ndiyo husahaulika.

Mzingani_Kati

Imefunguka. Swichi iko ukutani kweli, naivutia waya kesho.