Meneja wa jengo anataka cheti cha bima kabla sijaanza kusafisha madirisha, nianzie wapi?

MfutaVioo

Wakuu, heshima kwenu. Nasafisha madirisha, huu mwaka wa sita. Nilianza peke yangu na ndoo, vitambaa, mpira wa kukaushia kioo na ngazi ya kuazima. Leo nina vijana wawili ninaowalipa kwa siku, ngazi mbili zangu mwenyewe, na ile fimbo ndefu yenye brashi inayopitisha maji. Wateja wangu ni nyumba za kawaida na maduka. Muda wote huu sijakata bima ya biashara hata siku moja, nilidhani ni mambo ya makampuni makubwa.

Sasa nimepata jengo la ofisi la ghorofa nne, mara moja kila mwezi. Bei tumekubaliana. Ila meneja amesema hanipi funguo wala haniruhusu kusimamisha ngazi mpaka nimpelekee cheti cha bima. Nikamuuliza bima ipi, akasema "ya dhima kwa watu wengine", akanitajia kiwango, basi. Nikienda kwa wakala hata sijui nianze na neno gani.

Naomba mnisaidie kwa haya. Hiyo bima ya dhima inalipa nini hasa? Nikikwaruza kioo cha mteja, inalipa? Nauliza kwa sababu mwaka juzi nilikwaruza kioo cha mlango wa duka kwa wembe wa kukwangulia uchafu, nikanunua kipya kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya ada ya mwanangu. Na vijana wangu wamo humo, au wana bima yao? Mmoja ana mtoto mchanga, na yeye ndiye hupanda juu kuliko sote. Usiku nikimkumbuka usingizi unakata.

NgaziNaNdoo

Mkuu, hongera kwa hilo jengo. Niruhusu nianze na kioo, maana hapo ndipo nilipoumia.

Bima ya dhima humlipa mtu mwingine aliyeumia au aliyeharibiwa mali kwa kosa lako. Ndoo imedondoka ikampiga mpita njia. Ngazi imeteleza ikaangukia gari lililoegeshwa. Maji yamepenya kwenye fremu yakaloanisha kompyuta mezani. Hapo inalipa. Wewe mwenyewe haikulipi kitu. Na kwenye hati nyingi za bima, hailipi kile kitu ulichokuwa unakifanyia kazi wakati kinaharibika. Fikiria hapo, mkuu: sisi tunafanyia kazi kioo. Jambo tunaloliogopa kuliko yote ndilo wanaloliacha nje, na wameliandika mahali ambapo wengi wetu hatufiki tukisoma.

Mimi nililijua hilo baada ya kulipia bima miaka 3 bila kuruka hata awamu moja. Ilikuwa nyumba mpya, mafundi wametoka juzi, vioo vimetapakaa matone ya rangi na saruji. Nikalowesha vizuri, nikatia wembe mpya, nikafanya kama nilivyofundishwa. Alasiri jua lilipogeuka upande ule, mwenye nyumba akaniita ndani. Vioo 11 vilikuwa na mistari myembamba kama unywele, yote ikifuata mkono wangu ulikopita.

Vilikuwa vioo vilivyoimarishwa kwa moto. Kioo cha namna hiyo hupashwa joto kupita nyuzi 600 za selsiasi, kisha hupozwa ghafla kwa upepo. Kama tanuri na roli zake za kusogezea kioo zilikuwa na vumbi la kioo, chembe huganda usoni mwake. Kwa jicho huzioni. Wembe ukipita unazing'oa na kuziburuta, nazo ndizo zinazochora. Niliwaeleza bima haya yote, nikatuma na picha. Jibu likaja ukurasa mmoja: uharibifu wa mali inayofanyiwa kazi na mkata bima haufidiwi. Nikamlipa mwenye nyumba mwenyewe, miezi 9, na yule mteja sikumpata tena.

Kwa hiyo ukifika kwa wakala, usimwulize "mnalipa uharibifu?" Atasema ndiyo, na hatakuwa amekudanganya. Mwulize hivi: "Nikikwaruza kioo kwa wembe wakati nakisafisha, mtalipa? Nionyeshe mstari." Kuna kampuni zinazouza nyongeza ya kufidia mali inayofanyiwa kazi, mara nyingi ikiwa na kikomo chake kidogo, na kile kiasi cha mwanzo unachokibeba mwenyewe kinakuwa kikubwa zaidi. Nyingine zinakupa nyongeza hiyo halafu zinaitoa mikwaruzo ya wembe kwa jina. Jibu lolote utakalopewa, lipate kwa maandishi.

Na kabla ya wembe, angalia kona za kioo. Kilichoimarishwa mara nyingi huwa na muhuri mdogo. Pitisha vidole juu ya kioo kilicholowa, ukihisi kama mchanga, weka wembe chini. Mimi sasa mteja husaini karatasi kwanza kwamba ameelezwa hatari hiyo. Karatasi haifuti uzembe wangu nikizembea, ila inamfanya aulize mapema, na mara mbili mteja ameamua kumwita fundi wa rangi aje aondoe uchafu wake.

DawatiLaMadai

Ndugu MfutaVioo, nimefanya kazi ya kupokea madai ya bima miaka 8, na madai ya watu wa usafi yamepita mikononi mwangu mengi. Nakuomba sana usome hili kabla hujasaini fomu.

Kwanza urefu. Hati nyingi zina kikomo cha mita ambazo mnaruhusiwa kufanyia kazi, na huhesabiwa tangu ardhini. Wewe umezoea nyumba, na ghorofa nne ni kitu kingine. Ukiandika "usafi wa madirisha" ukaacha hapo, wanaweza kukupa kikomo cha mita 10, na siku ndoo ikidondoka kutoka mita 13 huna bima, japo umelipa. Andika urefu wa jengo, andika kama mnatumia ngazi, fimbo ya maji, jukwaa au kamba. Kazi ya kuning'inia kwa kamba karibu kila mara inataka bima yake ya pekee.

Fomu ya maombi ichukulie kama kiapo. Bima inasimama juu ya mkata bima kueleza kila jambo la maana kwa ukweli, hata ambalo hukuulizwa moja kwa moja. Kile kioo cha duka ulicholipia mwaka juzi, wakiuliza kama umewahi kusababisha hasara, kitaje hata kama hukudai kwa yeyote. Nimeona madai ya haki kabisa yakikataliwa kwa jambo dogo lililofichwa miaka miwili nyuma.

Vijana. Kuwalipa kwa siku hakuwaondoi kuwa wafanyakazi wako. Kama wewe ndiye unayewaambia waje saa ngapi, wapande wapi, na ngazi ni yako, sheria za nchi nyingi zitawahesabu hivyo. Na bima ya dhima kwa watu wengine kwa kawaida huwaacha nje wafanyakazi wa mkata bima. Wanahitaji bima ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo kwingi ni lazima kisheria. Wewe nawe ukianguka si mfanyakazi wa mtu, kwa hiyo ongeza bima ya ajali binafsi. Huyo kijana mwenye mtoto mchanga ndiye wa kwanza, hata kabla ya cheti cha meneja.

Jambo la mwisho, na hili linawaponza watu wema. Ajali ikitokea, msaidie aliyeumia, piga picha, chukua majina ya walioona, uwapigie bima siku hiyohiyo. Lakini usitamke wala kuandika kwamba kosa ni lako na utalipa. Masharti mengi yanasema ukikiri au ukiahidi bila idhini yao, wana haki ya kukataa. Pole ya utu haikatazwi.

TangiNyuma

Naongezea moja tu kaka. Hiyo kazi ya fimbo ya maji ukiikuza utatia tangi kwenye gari. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 500 ni nusu tani juu ya ekseli zako, na breki utazihisi tofauti. Bima ya gari lazima ijue kuhusu tangi na ijue kwamba gari linafanya biashara. Mimi niligongwa kwa nyuma, kosa halikuwa langu, na bado niliulizwa maswali ya tangi wiki 3. Halafu vifaa vilivyoachwa garini usiku, wengi hawavilipi.

MfutaVioo

Wakuu, Mungu awabariki. Nimekwenda kwa mawakala wawili na hati zao nimezisoma zote, mwanangu akinisaidia.

Wa kwanza alikuwa rahisi. Nikamwuliza swali la wembe kama alivyosema NgaziNaNdoo, akanyamaza, akapiga simu, akarudi na "hapana". Kikomo chake kilikuwa mita 10. Nimepima jengo kwa kamba kutoka juu ya paa, madirisha ya mwisho yako mita 13 na kitu. Angenipa cheti, meneja angekipokea, na madirisha ya juu yangekuwa nje ya bima.

Wa pili ni ghali zaidi. Mita 15, fimbo na ngazi zimeandikwa, nyongeza ya vioo ipo yenye kikomo kidogo, mikwaruzo ya wembe imetolewa. Nimekubali. Kwenye jengo hili sitatumia wembe kabisa, na ghorofa mbili za juu tutazifanya kwa fimbo tukiwa chini. Kijana wangu hatapanda tena huko. Bima ya wafanyakazi nimekata kwa wote wawili, na nakala nimempa kila mmoja akaiweke nyumbani.

Limebaki moja. Meneja atanikabidhi funguo 6, pamoja na ule wa mlango mkuu. Zikipotea?

DawatiLaMadai

Umefanya vizuri, ndugu yangu. Funguo kwa kawaida hazimo, au zimo kwa kiasi kidogo sana. Mlango mkuu ukifunguliwa na ufunguo unaotumiwa na ofisi zote, kupotea kwake ni kubadilisha vitasa vyote na funguo za kila mpangaji. Mrudie wakala aongeze kipengele cha kupotea kwa funguo na kikomo kinachotosha vitasa vya jengo zima. Au mwombe meneja mlinzi awe anawafungulia, ubaki huna hata mmoja.

MfutaVioo

Mlinzi amekubali. Funguo nimeziacha.