Programu huria na tovuti ya jumuiya pembeni: tupeane uzoefu

Mtoto wa Konde
Asalaam alaykum wanajamvi. Mie na mwenzangu tumetengeneza programu ndogo ya kuazimisha vitabu vya skuli. Ni huria, msimbo wake upo GitHub, tovuti ya kuwekea programu, atakaye achukue. Ilianza skuli moja Micheweni, sasa zipo kumi na moja, Unguja na Pemba. Shida ni maswali, yote yanamiminika kwenye kundi la WhatsApp. "Mbona kitabu kimeazimwa mwaka 1970?" Mwalimu kaacha tarehe tupu, programu imesoma sifuri, na sifuri ya kompyuta ni tarehe 1 Januari 1970. Hilo nimelijibu mpaka kidole kimeota sugu. Sasa mwenzangu anataka tufungue tovuti ya jumuiya, mbali na ukurasa wa programu yenyewe. Mie naona tutajenga msikiti pasipo waumini. Mliopita njia hii, mlionaje?

Bi Maktaba
Wa alaykum salaam mwanangu. Kabla ya kuuliza kama mnaihitaji, uliza anwani ya tovuti itakuwa mikononi mwa nani. Sie maktaba tunatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba. Ilizaliwa New Zealand, ikaanza kazi Januari 2000 kwenye maktaba za Horowhenua. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi. Miaka ilivyokwenda, anwani ya koha.org ikaangukia kwa kampuni moja ya Marekani. Ikatofautiana na watengenezaji wengine, nao wakahamia koha-community.org, na mpaka leo wako huko. Mie miaka yote nikidhani hilo neno la nyuma limewekwa kwa mapambo. Kumbe ni kovu.

Fundi wa Darajani
Nilifungua. Nikalipia anwani ya mwaka mzima, nikachora nembo usiku kucha, nikatenga vyumba kumi na vinne: Habari, Msaada, Mapendekezo, Soga, hata cha Mashairi. Wanachama ishirini na watatu. Ukinitoa mie, mke wangu na akaunti yangu ya kujaribia, waliobaki wote walikuwa wauza kamari na vidonge. Kila alfajiri baada ya sala nakaa kufuta matangazo kama mtu anayefagia majani chini ya mwembe. Swali la kweli nililipata moja tu, la jirani yangu, naye alishaniuliza barazani jana yake. Mwaka wa pili sikulipia. Nembo ninayo bado, nzuri sana.

Mpima Ramani
Pahala pa kuuliza pawepo, ila si lazima pawe penu. Mie natumia QGIS, programu huria ya kuchorea ramani. Nikikwama nanakili lile kosa kama lilivyo, naliweka Google, na mara nyingi jibu liko GIS Stack Exchange, tovuti ya maswali na majibu ya watu wa ramani, wala si qgis.org. Siku moja nimefungua picha za droni, nikachagua kanda ya ramani 37 ya kaskazini badala ya 37 ya kusini. Unguja nzima ikaenda kukaa karibu na Ncha ya Kaskazini! Aliyeniokoa simjui, na jibu lake aliliandika miaka mingi kabla sijaligusa droni.

WhatsApp sasa. Simu ilinitumbukia gatini Mkoani nikishuka kwenye boti, na sikuwa nimehifadhi kitu. Majibu ya miaka miwili yamo humo, wanasoma samaki.

Maalim wa Chake
Fundi, chumba cha Mashairi yakhe?

Sie skuli kwetu tuna Moodle, programu huria ya kusomeshea mtandaoni, nayo ina nyumba mbili: moodle.org ya jumuiya na moodle.com ya kampuni. Walimu wangu bado wanazichanganya, na kila muhula naeleza upya. Kwa hiyo mkifungua ya pili, jueni mmejiongezea swali la "ipi ndiyo yenyewe?"

Ila mie nina sababu moja ambayo ingenifanya nifungue, lugha. Nina walimu saba hodari ambao hawathubutu kuandika Kiingereza mbele ya dunia nzima. Wananinong'oneza mie, mie ndiye naandika, jibu likija natafsiri. Nikiumwa, Moodle nayo inaumwa.

Mtoto wa Konde
Fundi, pole, lakini nimecheka. Maalim, hapo umenigusa, maana wengi wetu ndio hao hao. Nimezungumza na mwenzangu: tunaanza na ukurasa mmoja wa Kiswahili palepale GitHub, maswali ishirini na majibu yake, la kwanza lile la 1970. Akiuliza mtu kwenye kundi, anatupiwa kiungo. Bi Maktaba, anwani tunainunua wiki hii, na nywila tunayo sote wawili, hata kama itakaa tupu mwaka mzima.

Fundi wa Darajani
Nembo mnataka?