Tupeane uzoefu: kuishi na mbwa wawili wadogo nyumbani, hapa Malindi na Lamu

Binti wa Barani (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na salamu kwa ndugu wa dini zote. Nimefungua uzi huu kwa sababu kila nikitafuta maelezo ya kufuga mbwa kwa Kiswahili, ninachokuta ni habari za mbwa wakubwa wa ulinzi, wanaofungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mimi nina mbwa wawili wadogo, na maswali yangu ni ya mtu anayeishi nao uani, katika mtaa wa watu wanaochunga tohara, yaani usafi wa kidini, kwenye mwambao wa joto na chumvi. Nitaanza na yangu, kisha kila mwenye lake aliweke.

Mume wangu alikuwa mtunza bustani kwa wazee wawili wa Kiitaliano upande wa Casuarina kwa miaka tisa. Maradhi yalipowalazimu kurudi kwao, walimwomba awachukue mbwa wao, na yeye, ambaye ndiye aliyekuwa akiwalisha na kuwaogesha siku zote hizo, hakuweza kusema hapana. Kokwa ni dume mweusi mwenye miguu mifupi na mwili mrefu, kilo saba. Mchanga ni jike wa kilo tano na kidogo, na manyoya yake yana rangi ileile ya mchanga wa ufuoni. Wiki ya kwanza tulidhani ni viziwi. Nilikuwa nikiwaita "njoo" wakabaki kunitazama tu, mpaka siku mume wangu aliporudi kutoka kazini akasema "vieni" mlangoni, wakamkimbilia wote wawili. Walikuwa hawajui lugha nyingine. Hata leo watoto wa mtaa wetu huwaita kwa Kiitaliano, na neno "basta" limekuwa la kawaida uani kwetu.

Jambo lililonikosesha usingizi lilikuwa tohara. Sisi ni wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo wengi wa mwambao huu, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, inayooshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Nilimwendea mwalimu aliyenisomesha chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo, nikiwa nimejiandaa kukaripiwa. Hakunikaripia. Aliniuliza watalala wapi, nani atawalisha, na kama kuna jirani atakayeudhika. Akanikumbusha kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na kwamba mbwa mkavu akigusa nguo kavu, najisi haihami. Kisha akasema kwamba kumtesa mnyama aliyekwisha kuwa mikononi mwangu ni dhambi isiyo na shaka yoyote. Nilitoka pale nikiwa mwepesi.

Basi tukajipanga. Kibanda chao kiko nyuma ya jiko, chini ya mti wa mkungu, na kizingiti cha nyumba hawakivuki. Sahani zao ni za bati na haziingii jikoni. Karibu na bomba la uani pana kopo la udongo safi. Mimi nina kanga moja kuukuu ya kuwashughulikia, ambayo ninaivua kabla ya kutia udhu. Mambo haya yaliposhika utaratibu, nyumba ilitulia.

Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya mama yangu, aliacha kupumzika kwenye baraza yetu kwa muda wa miezi miwili. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu alikuwa akitoka kwake na udhu wake na hakujua kama mbwa wangemfikia. Tulichofanya ni kuweka mlango wa nusu kwenye njia ya kuingilia uani, wa boriti na wavu, ili mtu aliyeketi barazani awaone mbwa na awe na hakika kwamba hawawezi kumgusa. Sikumpelekea ujumbe wowote. Asubuhi moja mjukuu wake alikuja na bakuli la vichwa vya samaki, akasema, "Bibi amesema ni vya wale wageni wako." Nilivichemsha, nikatoa miba yote kwa vidole, nikawachanganyia na ugali.

Chakula chao ndicho hicho: ugali, dagaa waliochemshwa, wakati mwingine boga, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mchanga hali mpaka Kokwa aanze. Huchukua tonge moja mdomoni, akaenda kulila chini ya mkungu, akarudi kuchukua jingine, safari sita au saba, kila siku vivyo hivyo.

Mwaka jana wakati wa kusi Kokwa aliacha kula. Siku ya pili alitokwa na damu puani, na nilipomfunua mdomo nikaona ufizi wake umekuwa mweupe kama nazi. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, akampa vidonge vya doksisaiklini vya siku 28. Nilimwambia kwamba mbwa wangu huogeshwa kila wiki na sijaona kupe zaidi ya wawili watatu. Hakubishana nami, alikwenda moja kwa moja ukutani. Ukuta wetu wa ua ni wa mawe ya matumbawe, wa zamani, na udongo wake umelika kwenye maungio. Alichokonoa ufa mmoja kwa kijiti, wakaanguka kupe wa rangi ya kahawia wadogo kama mbegu za ufuta. Kupe huyu wa mbwa hunyonya damu kisha hushuka na kujificha katika nyufa, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu humo ukutani. Nilikuwa nikiwaogesha mbwa huku ukuta ukizalisha wengine. Tuliziba nyufa zote kwa chokaa na saruji, tukapiga dawa kwenye kibanda, tukarudia baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja.

Katika siku zile Kokwa alipokuwa amelala tu, Mchanga alichukua tonge lake kama kawaida, lakini hakwenda chini ya mkungu. Aliliweka mbele ya pua ya mwenzake, akakaa akimtazama. Tonge likakauka, nzi wakalijia, naye hakuligusa. Alifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne Kokwa alilamba kidogo, na mimi nilikaa juu ya ndoo nikalia.

Karibuni.

Mvuvi wa Mayungu

Dada, shukurani kwa kufungua mlango. Mimi ninataka kuwaonya wanaotembea na mbwa ufuoni, hasa mbwa wadogo, kuhusu bunju. Ni yule samaki anayejivimbisha akawa kama mpira. Sumu yake imo katika ini, mayai na ngozi, na haitoki kwa kupikwa wala kwa kukaushwa na jua. Sisi wavuvi tunapovuta juya tukamkuta humtupa pembeni mchangani, na hapo hubaki akikauka, kwetu ni takataka tu.

Nilikuwa na mbwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wadogo kwa kimo. Walizaliwa chini ya mashua yangu. Siku hiyo tulikuwa tunachambua samaki, na mmoja wao akaokota bunju aliyekauka akaenda kumtafuna nyuma ya mitumbwi. Haikupita hata saa moja, nikamwona anayumba, kisha miguu ya nyuma ikamlegea, kisha kifua kikawa hakipandi. Alikuwa macho muda wote, akinitazama. Sumu hiyo haina dawa ya kuiondoa, hata kwa binadamu. Anachoweza daktari ni kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka imwishe mwilini, na sisi tulikuwa mchangani na nyavu mikononi.

Tangu siku hiyo bunju wote ninaowapata ninawafukia kina cha mkono, na nimewaomba wenzangu wafanye vivyo hivyo. Mbwa aliyebaki alikuwa akienda kulala mahali pale nyuma ya mitumbwi kwa muda wa mwezi mzima. Mnaotembea nao, tembeeni na kamba, na mbebe maji matamu, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa maji ya bahari na hutapika mpaka akaishiwa nguvu.

Mkaazi wa Shela, Amu

Kwetu Amu, yaani Lamu, habari ni nyingine, maana mji huu ni wa punda na paka, na mbwa ni wa kuhesabika. Ninatunza nyumba huku Shela na mwenyewe, anaposafiri, huniachia mbwa wake wawili wadogo kwa miezi mingi. Shida yetu ni vichochoro. Ukikutana na punda mwenye mzigo, lazima ubane ukutani, na mbwa naye hawezi kumpita mtu bila kumgusa kanzu. Kwa hiyo mimi husubiri watu watoke msikitini alfajiri na warudi majumbani kwao, ndipo ninapowatoa, na ninawapeleka moja kwa moja kwenye ufuo mrefu, kabla jua halijapanda. Ikifika saa nne wakati wa kaskazi mchanga ni moto. Ukishindwa kuuwekea kiganja, usimkanyagishe mbwa. Nikienda nao kwa mashua hukaa juu ya gunia langu mwenyewe, na nahodha nimemwambia mapema, si wakati wa kupanda.

Mfugaji wa Ganda

Bi Binti wa Barani umegusa habari ya kupe, nami ninalo la kusema, ingawa linaniuma. Nilinunua dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye duka moja, na muuzaji akaniambia ni ileile, niwaogeshee mbwa tu. Nilipima kwa kifuniko cha chupa, bila kusoma maandishi. Mbwa wangu wawili hawazidi kilo sita kila mmoja. Baada ya muda mfupi walikuwa wamelegea, udenda unawatoka, hawaitiki wakiitwa. Niliwasafisha kwa sabuni na maji mengi, nikawafunga gunia kavu, nikawapakia kwenye tuktuk mpaka kwa daktari wa mifugo. Walipona wote wawili baada ya usiku mzima. Daktari alinionyesha kwenye chupa kwamba kipimo kile kilikuwa cha ng'ombe. Mbwa mdogo hana mwili wa kubeba kosa la kipimo. Vilevile msiwape panadol wala dawa nyingine za maumivu za watu, hata nusu kidonge.

Muuguzi wa Gede

Nitaongeza la kichaa cha mbwa kwa ufupi, kwa sababu wengi hudhani mbwa mdogo wa uani hahitaji chanjo. Anahitaji, kwani mbwa wa mtaani anaweza kumng'ata langoni. Chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka, na kadi itunzwe. Kenya imejiwekea mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030, na kazi kubwa ni kuwachanja mbwa. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Ninawaona wanaopaka mafuta taa au pilipili, na muda ule ndio unaopotea.

Binti wa Barani

Ninawashukuru sana. Mzee wangu wa Mayungu, habari yako nimeisoma mara mbili, na leo jioni mume wangu amekwenda kununua kamba ya pili.

Sasa ninalo swali. Maulidi tunakwenda Amu kwa siku nne, na mbwa hatuwezi kuwachukua katika umati ule. Kijana wa mtaani amekubali kuja kuwalisha jioni, lakini mchana wote maji yatakauka juani. Nilimweleza bibi jirani hofu hiyo bila kumwomba chochote, kwa sababu ninajua mpaka wake. Alifikiri kwa muda, akasema mlango wa uani hataufungua, ila tupitishe mpira wa maji juu ya ukuta mpaka kwenye beseni lao, na yeye atakuwa anafungua bomba upande wake kila baada ya sala ya adhuhuri na ya alasiri. Mume wangu ameshaupima ukuta. Mpira unaohitajika ni wa mita nane. Aliyewahi kufanya hivi atueleze, beseni huwekwa wapi ili maji yasipate moto?