Tupeane uzoefu: kihamba (shamba la nyumbani la Wachaga) kimebaki na wazee wawili tu, kipi kiendelezwe na kipi kiachwe?

Kisiki cha Mruka

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wenye wazazi mlimani Kilimanjaro: Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, Mwika, Rombo. Wa Upareni na Usambara nanyi karibuni, shida ni ileile.

Hali mnaijua. Vijana wako Dar, Arusha na Mwanza. Nyumbani wamebaki watu wawili waliovuka miaka 75, ekari moja ya migomba na kahawa, ng'ombe mmoja, na mfongo (mfereji wa asili) ambao maji yake huja yakipenda. Sisi tunapanda Desemba "kuhesabiwa", Januari tunashuka. Hela ya kutuma mara nyingi inapatikana. Kinachokosekana ni mikono.

Naomba vitu vya kupimika: kilo, debe, hatua, kinachoharibika na sababu yake. Simulizi za machozi tuziwekee uzi wake.

Zizi la Juu

Anzeni na ng'ombe, ndiye anayewavunja wazee mgongo. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anataka kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, na maji madumu 2 au 3 ya lita 20. Mzigo wa kichwani wa mama mtu mzima ni kilo 20 hivi. Kwa hiyo ni safari mbili za majani kila siku, Jumapili na siku ya msiba zikiwemo, kwenye mteremko unaoteleza.

Cha kwanza ni kuyasogeza majani yamfuate ng'ombe. Pandeni majani ya gwatemala au matete kwenye kingo za makinga maji, zile zilizo hatua 30 au 40 kutoka zizini, na yawe upande wa juu ili mzigo ushuke badala ya kupanda. Matete yanakatwa yakifika kama mita moja, kila wiki 6 hadi 8, na unaacha sentimita 10 hadi 15. Ukifyeka mpaka ardhini, shina linachoka na baada ya misimu michache unabaki na magugu. Gwatemala haipendi kabisa kukatwa chini sana. Changanyeni na miti ya malisho, kaliandra au lukina, kwa ajili ya protini.

Kosa linalojirudia ni wazee wakichoka wanamlisha ng'ombe migomba mitupu iliyokatwakatwa. Mgomba ni maji zaidi ya asilimia 90. Tumbo linajaa, maziwa yanakauka, halafu inaonekana kosa ni la mbegu ya ng'ombe.

La pili halisemwi: vidole. Mzee mwenye baridi yabisi hamalizi kukamua. Maziwa yanayobaki kwenye kiwele ndiyo yanayoalika ugonjwa wa kiwele. Ukiona maziwa yana mabonge na chuchu moja ina joto, usilaumu usafi peke yake, tazama na mikono inayokamua.

Kwa maoni yangu, wazee wakibaki wawili bila msaidizi, ng'ombe auzwe.

Mama Mshare

Mangi, hapo kwenye kuuza, polepole. Hesabu ya maziwa umeipiga vizuri, ya samadi umeiacha. Shina moja la migomba linataka debe 2 za samadi iliyooza kwa mwaka, na ekari moja ina mashina mengi. Ukimwondoa mnyama, misimu kadhaa mbele mikungu inakuwa midogo, mizizi inakuwa dhaifu, na upepo ukija migomba inalala. Mkifika Desemba mnauliza mbona mtori wa mwaka huu umekuwa mchache.

Suluhisho la kati ni mbuzi wa maziwa wawili. Mmoja anakula kilo 4 au 5 za majani kwa siku na anakamulika mzee akiwa amekaa kwenye kigoda. Banda liinuliwe mita moja kutoka chini, sakafu iwe ya mbao zenye nafasi ya sentimita moja na nusu ili vinyesi vidondoke na kuzolewa kwa jembe bila kuinama ndani. Nafasi ikizidi hapo, miguu ya watoto wa mbuzi inanasa.

Kwenye migomba yenyewe, kazi ya kupunguza ndiyo inayoachwa kwanza wazee wakizidiwa, na ndiyo inayoua shamba. Kila shina libaki na watatu: mama, mtoto na mjukuu. Wanaofuata wachaguliwe upande mmoja kwa mashina yote, la sivyo baada ya miaka 5 migomba imekumbatiana na kahawa haioni jua. Chipukizi la kupanda ni lile lenye majani membamba kama upanga. Lenye majani mapana likiwa bado fupi halina nguvu, lisikudanganye kwa urembo.

Kabla ya kupanda, menya kitako chake hadi kiwe cheupe, ukiondoa mizizi yote na kila sehemu yenye vishimo vya fukusi. Kisha kitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Nasema sekunde 30, usiende kupokea simu. Hapo minyoo ya mizizi na mayai ya fukusi yanakufa na chipukizi linabaki hai. Mgomba ulioliwa mizizi na minyoo unang'oka na mkungu wake kabla haujakomaa, na mzee anadhani ni upepo.

Mgomba ukishavunwa ukatwe usawa wa ardhi na upasuliwe vipande vikauke. Gogo lililolala zima ni kitalu cha fukusi. Na pale mgomba wa ndizi kisukari uliponyauka, majani yakaanza kuwa njano kutoka chini na shina likikatwa lina mistari ya kahawia, msirudishie kisukari. Kuvu wa ugonjwa huo wanakaa udongoni miaka mingi.

Zizi la Juu

Mbuzi wawili nakubali. Ila wafungiwe. Mbuzi mmoja aliyekata kamba asubuhi anaweza kumaliza miche ya kahawa ya mwaka mzima.

Ndiva

Kutoka Upareni, niongelee maji. Mfereji wa asili unakufa kwa kukosa mikono kuliko kwa ukame. Zamani msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) ulikuwa kila nyumba mtu mmoja. Sasa nyumba nyingi zina bibi peke yake, na orodha ya zamu bado inamwandika kama vile ana wana sita uani.

Mambo ya kuangalia ni matatu. Banio kule mtoni (kizuizi cha kuingiza maji mferejini) husombwa na masika, kwa hiyo linajengwa upya mvua zikipungua, mawe makubwa chini, udongo wa mfinyanzi na magome ya migomba vikiziba katikati. Pili, sehemu mfereji unapokatiza njia ya watu na ng'ombe: kingo zinabomoka na maji yanashukia kwa jirani. Hapo weka bomba au kipande cha zege, hata mita 2 tu. Tatu, mashimo ya fuko kwenye ukingo wa chini. Tundu la ngumi leo, kesho mita nzima ya ukingo imeondoka.

Kwa nyumba zenye wazee peke yao, utaratibu unaokubalika ni kulipa kibarua wa siku hiyo. Ujira wake utumeni moja kwa moja kwa msimamizi wa mfereji kabla ya siku ya kazi. Ukitumwa baada ya kazi unageuka faini, na bibi anakosa zamu yake ya maji.

Cheri Nyekundu

Kahawa. Miti mingi huko juu ni mirefu kuliko wachumaji wake. Mzee kupanda ngazi kwenye kahawa ya mteremkoni ni nyonga kuvunjika, kitu ambacho kinasubiri siku yake tu.

Katiza miti izaliwe upya. Kata kwa msumeno sentimita 30 hadi 45 kutoka ardhini, mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame, Januari au Februari baada ya mavuno na kabla ya masika. Machipukizi yatatoka mengi, acheni 2 au 3 yenye afya. Mavuno yanarudi baada ya miaka miwili hivi, kwa hiyo kateni theluthi moja ya shamba kila mwaka. Anayekata lote kwa mpigo anawaacha wazee bila hela ya kahawa misimu miwili.

Pa kuziba mapengo, tafuteni miche ya TaCRI (taasisi ya utafiti wa kahawa) pale Lyamungu, aina zinazovumilia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Sababu kubwa kwangu ni bomba la kupulizia. La lita 16 likijaa linakaribia kilo 20, na hakuna mzee wa kulibeba mgongoni ekari nzima. Miche hiyo inapunguza dawa, na bomba linaletwa na kijana mara chache.

Kazi ya kumenya, kuvundika, kuosha na kuanika iachwe ikiwa kikundi cha jirani kina mtambo. Nyumbani inataka maji safi mengi, na kuanika mezani siku 10 hadi 14 huku mtu akifunika kila wingu likija. Usiku mmoja kahawa ikilowa inavuta harufu na bei inaanguka. Wauze cheri (matunda mabivu) siku ileile ya kuchuma. Bei kwa kilo ni ndogo kwa sababu inahitaji kilo 5 au 6 za cheri kupata kilo moja ya kahawa ya ganda (mbegu kavu yenye ganda la ndani), kwa hiyo msilinganishe kilo kwa kilo mkaanza kudai wameibiwa.

Bati na Mfereji

Kwa ufupi, maji ya nyumbani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 30 usiku mmoja, toa moja ya tano inayopotea, ni zaidi ya lita 1,400. Tenki likae juu ya jukwaa la mawe la nusu mita ili ndoo ikae chini ya koki bila mtu kupiga magoti. Maji ya dakika za kwanza yamwagwe, yana kinyesi cha ndege na majani ya mruka, ule mti wa kivuli.

Njia ya chooni: ngazi za sentimita 15 na mti wa kushika upande mmoja. Basi.

Kisiki cha Mruka

Asanteni wakuu. Naona Desemba tukiwa watu wazima sita kwa siku nne tunaweza kumaliza hivi: kupunguza migomba yote, kukata matawi ya mruka yanayoning'inia juu ya nyumba, kujenga jukwaa la tenki, kupasua kuni za kufika Juni na kuzipanga chini ya bati, na kunoa misumeno kwa ajili ya kahawa Januari. Na wenye kijana wa kazi nyumbani wampe likizo siku hizo. Tukipanda tunamfanya mtumishi wa familia nne, halafu Januari anaaga na tunashangaa.

Mama Mshare

Na mje na panga zenu. Za pale nyumbani zimebaki mpini.