Askofu aliyejificha ana haki ya kuwahukumu walioanguka? Sipriani wa Karthago

Mleta mada: Wakuu, nimekuwa nasoma barua za Mt. Sipriani nikabaki na swali. Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya Roma mbele ya maofisa, apewe cheti. Mwaka 250 moto ukawaka, Sipriani akajificha, zaidi ya mwaka anaongoza kanisa kwa barua. Huku nyuma Wakristo kibao wakatoa sadaka, wengine wakahonga wakapata cheti bila kugusa hata ubani, hao wote ndio "walioanguka". 251 mambo yalipopoa bwana karudi anawaambia fanyeni toba kwanza. Alikuwa na uso gani? Naongea kwa heshima lakini, ni Mwafrika mwenzetu.

Katekista wa Zamu: Chunga ulimi kijana. Yesu mwenyewe alisema wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine. Watu wa Karthago walikuwa wanapiga kelele atupiwe simba, sasa ulitaka abaki? Papa Fabiani alibaki, akauawa Januari 250, Roma wakakaa zaidi ya mwaka bila askofu.

Bi Mdadisi: Hao hao wa Roma ndio waliomchoma kwa barua, wakagusia mchungaji wa mshahara anayemwona mbwa mwitu anatoka nduki. Sipriani akawarudishia barua yao, ati mwandiko na karatasi vinamtia shaka, hebu angalieni kama kweli ni yenu 😂 dharau ya msomi hiyo

Mpita Njia: Mwafrika mwenzetu wa wapi? Karthago ni Tunisia hiyo, jamaa tajiri, mwalimu wa ufasaha wa Kilatini

Mleta mada: Kwani Tunisia iko Ulaya?

Mpita Njia: Sijasema Ulaya, nimesema mwenzetu wa wapi, usinilishe maneno

Mlokole Halisi: Mnabishana ramani mnaacha utamu. Huyu aliwabatiza UPYA watu waliokwisha batizwa! Mwaka 256 kwenye kikao cha Karthago maaskofu 87, yeye akiwemo, walikubaliana hivyo, Papa Stefano alikuwa ameshagoma na hawakumsikiliza. Sisi tukiwazamisha Wakatoliki kwenye maji mengi mnasema tunadharau ubatizo, kumbe mtakatifu wenu ni wa kwetu

Katekista wa Zamu: Ndugu yangu rudia kusoma taratibu. Waliobatizwa upya ni waliotoka kwenye vikundi vilivyojitenga na Kanisa, na ni yeye huyo aliyeandika kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Kwa hiyo kwa hesabu za Sipriani ungebatizwa upya wewe, sio mimi.

Mlokole Halisi: Mimi sijajitenga, nimeokoka. Jibu swali, Stefano alikosea au hakukosea?

Katekista wa Zamu: Stefano alikuwa sahihi na Kanisa likafuata msimamo wake.

Mlokole Halisi: Kumbe mnamtaja kwenye misa mtu aliyempinga Papa akakosea, haya asante

Katekista wa Zamu: Tunamtaja kwa sababu alikufa shahidi! Mitume wenu wa siku hizi wakisikia polisi tu wako nchi jirani

Mleta mada: Jamani vyeti

Bi Mdadisi: Kaka nikusaidie maana hawa hawarudi leo. Hakuwaweka wote kapu moja. Baada ya mtaguso (kikao cha maaskofu) wa 251 wenye vyeti vya kuhonga walipokelewa baada ya kila mmoja kuchunguzwa, waliotoa sadaka kabisa wakaambiwa watapokelewa mpaka wakiwa wanakata roho. Halafu mateso mapya yalipokaribia wakapokelewa wote waliokuwa kwenye toba. Kwangu mtu huyo ana huruma. Na zamu yake ilipofika hakukimbia, Septemba 14, 258 aliulizwa atoe sadaka akakataa, wakamkata kichwa, na aliagiza aliyemkata apewe sarafu 25 za dhahabu.

Mpita Njia: Dhahabu 25 anazitoa wapi? Si tuliambiwa aliuza mali akawapa maskini

Bi Mdadisi: Aliuza kweli, hata bustani zake, baadaye zikamrudia, na alikamatiwa humo humo.

Mpita Njia: Zikamrudia hahaha, enzi zile pia ukimpa maskini kiwanja kinarudi kwa askofu

Katekista wa Zamu: Baba Askofu wetu msimwingize humu, kile kiwanja kina hati halali!

Mpita Njia: Mzee wangu, nani amemtaja askofu wenu?

Mlokole Halisi: Kiwanja kipi tena hicho?