Jiwe la Judaculla: nimpeleke mama mkwe au nitaaibika?

BabaZuu_Charlotte: Habari zenu wakuu. Mama mkwe yuko kwetu, ametoka Tanga, na magoti yanamsumbua. Nataka Jumamosi nimpeleke pamoja na watoto Jackson County, North Carolina, wakaone Jiwe la Judaculla, lile jiwe lenye michoro la Wacherokee, wenyeji wa asili wa huko. Ila picha nilizoona ni jiwe la kijivu tu! Kuna cha kuona, au nitakula masimango njia nzima ya kurudi?

MchongajiTabaka: Nimefika mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, nikaona jiwe limelala kama kiboko, basi. Ya pili nikaenda saa kumi na moja jioni, jua limeinama. Vivuli vikaingia kwenye mikwaruzo na jiwe likajaa: vishimo, mistari inayopindapinda, mkono wa vidole saba. Michoro inapita 1,500 kwenye jiwe hilo moja.

Lakini kilichonishika mimi si michoro. Lile ni jiwe la sabuni, kama letu la Kisii! Nimekulia Tabaka, huko Kisii, baba akichonga. Nilipoona makovu ya mviringo ubavuni nikajua kabla ya kusoma kibao: hapa pamebanduliwa bakuli. Unachimba mfereji kuzunguka mpaka libaki limesimama kama uyoga, halafu unavunja shina. Walifanya hivyo zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Michoro ilikuja baadaye.

Jiwe hilo ukucha tu unalikwaruza, kwa hiyo watoto wasiguse. Wageni wa zamani walikuwa wakipaka chaki ili picha zitoke vizuri, wakaliumiza. Siku hizi kuna jukwaa la mbao la kusimamia, na gari unaegesha karibu. Magoti ya mama yatamudu. Hakuna kiingilio.

Bi_Mwalimu: Wasimulie watoto kisa njiani. Tsul'kalu, jitu la macho ya mshazari, mwenye wanyama wote wa kuwindwa, aliruka kutoka kileleni akajishikiza kwa mkono hapo. Ndiyo hivyo vidole saba. “Judaculla” ni ulimi wa wazungu ulioshindwa kutamka jina hilo la Tsul'kalu.

Na mkitoka hapo piteni mji wa Cherokee, kwenye makumbusho ya Wacherokee. Wengi walifukuzwa 1838 wakapelekwa Oklahoma kwa miguu, lakini wengine walibaki milimani na wajukuu zao wako hapo hapo. Huwa naudhika watu wakisema “Wacherokee wa kale” kana kwamba wamekwisha.

BabaZuu_Charlotte: Ahsanteni sana. Mama kasikia habari za jitu, ameshauliza kama tutabisha hodi. Swali la mwisho: choo?

MchongajiTabaka: Malizeni yote mjini Sylva kabla hamjaingia barabara ya Caney Fork ya kwenda kwenye jiwe. Utamwambiaje mama mkwe aende kichakani?

BabaZuu_Charlotte: 😂 Sylva basi.